Mdogo wangu anataka niandike kwamba hajawahi kuoa

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete, nina miaka 42, mkubwa wa ndugu watano. Mdogo wangu wa tatu anaishi Leicester, Uingereza, tangu 2014, na mwaka 2022 alipata pasi ya huko. Anafanya kazi kwenye ghala la bidhaa. Mshahara wake kabla ya makato ni pauni 26,200 kwa mwaka.

Agosti 2023 alikuja akaoa. Binti ni wa watu wa Konde, kamaliza kidato cha nne, mpole, sote tunampenda. Nikahi ilisomwa msikitini, ikaandikishwa, cheti cha ndoa tunacho. Mume alikaa wiki tano akarudi kazini, mke akabaki kwa mama yetu. Miaka miwili imepita. Watu wameanza kumwuliza sokoni kama kweli ana mume.

Kazi ya kujaza maombi ya viza imeniangukia mimi kwa kuwa ndiye ninayejua Kiingereza. Nilikwenda vizuri mpaka nikafika pale fomu inapouliza kama mume amewahi kuwa na ndoa nyingine. Hapo nimekwama mwezi wa pili sasa.

Aliwahi. Mwaka 2013 alimwoa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, wakapata mtoto wa kiume ambaye leo namsomesha darasani kwangu. Machi 2019 akamtumia mkewe ujumbe wa sauti wa WhatsApp, talaka moja. Hakumrejea mpaka eda ikamalizika. Yule mwanamke alikaa eda yake kwao, kimya, wala hakuna aliyekwenda kwa Kadhi. Hakuna cheti wala karatasi yoyote.

Sasa mdogo wangu ananambia niandike kuwa hajawahi kuoa, na niende kwa sheha nikachukue barua ya kusema hivyo. Nilipokataa akabadilisha: basi nimwombe yule wifi wa zamani asaini karatasi kuwa aliachwa hapa hapa Wete, mwaka 2018, mume alipokuja likizo. "Dada, talaka imeshapita kwa sharia, hiyo karatasi ni mapambo tu," ndivyo anavyosema. Sharti la kipato nalo hajalifikia, anataka tuuze mikarafuu ya marehemu baba, fedha zikae kwenye akaunti yake mwezi mmoja kisha azirudishe.

Mama analia. Anasema nikimwangusha huyu binti wa watu, dhambi ni yangu. Na mimi kila Idi nakula na yule wifi wa zamani, mwanawe ananiita shangazi. Nikienda na ile karatasi mlangoni kwake nitamtazamaje?

Dada Mkubwa, Wete


JIBU

Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu.

Ulichoombwa ni kuandika neno moja kwenye fomu, lakini neno hilo limewashika wanawake wawili: aliyeachwa bila cheti na aliyeolewa bila safari. Wewe umewekwa katikati, na mama yako amekwishakukabidhi lawama kabla hujafanya lolote. Sitakuambia utii au ukatae. Nitakueleza mambo yalivyo, kwa sababu naona nyote mnashindana juu ya karatasi ambayo, hata ikipatikana, huenda isiwafae kitu.

Tuanze na kauli ya mdogo wako kwamba talaka imeshapita. Kwa sharia yetu, maadamu eda imemalizika bila kurejewa, hapana anayembishia. Lakini anayesoma fomu ni ofisa wa Uingereza, naye ana sheria yake. Sheria ya Familia ya huko ya mwaka 1986 inasema talaka inayotolewa ndani ya Visiwa vya Uingereza haihesabiki ila iwe imetolewa na mahakama ya kiraia. Mtu aliyekaa chumbani kwake Leicester akarikodi ujumbe, ametamka akiwa ndani ya Uingereza. Mkisema ilikamilika Wete kwa kuwa sikio lililoisikia liko Wete, kuna kizingiti cha pili: talaka ya matamshi iliyopatikana nje bila kupitia shauri lolote hawaitambui ikiwa mume au mke alikuwa akiishi Uingereza mwaka mzima kabla ya siku hiyo. Mdogo wako alikuwa huko tangu 2014.

Sasa itazame ile karatasi ya pili anayoitaka, ya talaka ya 2018 hapa Wete wakati wa likizo. Mtu wa likizo bado ni mkaazi wa Uingereza. Kwa hivyo hata kama yule wifi yako wa zamani angekubali kusaini uongo, uongo wenyewe unagonga ukuta ule ule. Naye atakuwa amesaini kitu cha uongo juu ya siku aliyoachwa, siku ambayo eda yake ilihesabiwa kwayo.

Matokeo yake ni mazito kuliko mnavyodhani. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mwaka 2023, kwa macho ya Uingereza, mdogo wako alikuwa bado mume wa jirani yenu. Na mtu aliyeifanya Uingereza kuwa makao yake ya kudumu, sheria ya huko haimruhusu kuoa mke wa pili akiwa na wa kwanza, hata akioa nje ya nchi ambako inaruhusiwa. Ndoa ya binti wa Konde ni halali kwenu na kwa Mwenyezi Mungu. Kwao inaweza kusomeka kuwa ni batili. Hilo ndilo la kupelekewa wakili, na liko mbele ya mikarafuu na mbele ya kila kitu.

Kuhusu kuandika "hajawahi kuoa", naomba uangalie jina lililo juu ya fomu. Katika viza ya mke ya Uingereza mwombaji ni mke mwenyewe, mume ni mdhamini tu. Alama za vidole ni zake, tamko la kuwa yote ni kweli ni lake. Udanganyifu ukigunduliwa, kumbukumbu hubaki kwa jina la huyu binti, nayo humfuata katika kila ombi atakalofanya baadaye. Yeye anajua kinachotaka kuandikwa? Barua yako ina kauli za mama, za mdogo wako na zako. Yake sikuiona hata moja.

Lipo pia faili. Mdogo wako aliondoka mwaka mmoja baada ya kuoa. Katika maombi yake ya kuingia, ya kukaa, na ya uraia, aliulizwa hali ya ndoa. Ikiwa wakati huo aliandika "nimeoa", jina la jirani yenu limo kwenye kumbukumbu za Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, na fomu yako itapingana nalo siku ile ile. Ikiwa aliandika "sijaoa", hilo ni tatizo jingine, linagusa mpaka pasi yake, na pengine ndilo linalomfanya aogope swali hili. Anaweza kuomba nakala ya faili lake lote wizarani bila malipo. Kwa kawaida majibu hutoka ndani ya mwezi mmoja. Wakili mzuri hataandika neno kabla ya kuliona.

Na barua ya sheha? Sheha huthibitisha ukaazi. Kumtaka aandike kuwa fulani hana mke, katika shehia ambayo mtoto wa fulani anapita mbele ya ofisi yake kila asubuhi kwenda skuli, ni kumtia mzee wa watu katika khatari isiyomhusu.

Njia zipo, ila ni ndefu. Ya kwanza ni mdogo wako kuivunja ndoa ya 2013 katika mahakama ya Uingereza. Haijalishi kwamba ilifungwa Wete, maadamu ilikuwa halali huku na yeye anaishi kule. Tangu Aprili 2022 hapahitajiki kumlaumu mwenzio wala kuthibitisha kosa. Ada mwaka 2025 ilikuwa pauni 612. Kutoka shauri kufunguliwa mpaka amri ya awali ni wiki 20 kwa uchache, kisha wiki 6 ndipo amri ya mwisho iombwe. Hesabu miezi saba hadi tisa. Kinachokwamisha watu mara nyingi ni cheti cha ndoa ya kwanza: kisipopatikana nyumbani, iombwe nakala kwa msajili wa ndoa, ambayo siku hizi ni kazi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Jirani yenu atapelekewa nyaraka na mahakama kwa Kiingereza. Akizipokea bila mtu kumweleza atadhani anashitakiwa.

Khatari ya njia hii ni kwamba kufungua shauri ni kukiri kuwa ndoa ya kwanza ilikuwa hai mwaka 2023. Ndiyo maana wakili atangulie, shauri lifuate. Baada ya amri ya mwisho litabaki swali la namna ya kuwaunganisha hawa wawili kwa ndoa ambayo Uingereza itaikubali. Kurudia nikahi hapa kunahitaji kauli ya Kadhi, na pia msajili, maana jina lao limo daftarini tayari na anaweza kukataa kuliandika mara mbili. Wengine huomba viza ya mchumba: mke huingia kwa miezi 6, wanafunga ndoa ya kiserikali huko, kisha wanalipa ada nyingine kubadilisha. Katika miezi hiyo haruhusiwi kufanya kazi.

Kanuni zao zina pia kifungu cha wenza walio katika uhusiano unaofanana na ndoa kwa miaka 2 au zaidi, ambapo linaloulizwa ni kama uhusiano wa zamani umevunjika kabisa. Kwa maelezo ya kweli tupu, hiki kinaweza kuwafaa kabla ya mengine. Najua kitakachosemwa nyumbani: binti wa watu kaolewa kwa mahari na maulidi, leo aandikwe mwenza? Ni neno la fomu ya watu wengine, halimpunguzii heshima, lakini atakayelibeba ni yeye, na kama halimkai moyoni hilo nalo ni jibu.

Ya Kadhi je? Mwanamke aliyeachwa anaweza kwenda Mahakama ya Kadhi ya Wilaya kuthibitisha talaka na kupata cheti. Kwa viza, cheti cha kusema aliachwa Machi 2019 kwa simu kitathibitisha lile lile tatizo. Pengine wakili ataona kuwa shauri kamili mbele ya Kadhi, lililofunguliwa sasa, linaweza kutambulika kule kwa kuwa mke ni mkaazi wa huku. Hilo lina mabishano yake na sitakuahidi. Lakini kwa jirani yenu cheti hicho ni kitu kikubwa. Siku akiposwa, ataulizwa cheti cha talaka. Siku ya mirathi au matunzo ya mtoto, vilevile. Miaka sita anaishi kwa ujumbe wa sauti uliomo kwenye simu, na simu huharibika. Ukigonga mlango wake kwa ajili ya cheti chake yeye, mazungumzo hayatakuwa yale unayoyaogopa. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake, wanaweza kumsaidia kuandika madai.

Unadhani jirani yenu ni adui wa safari hii. Barua yako haioneshi hivyo. Hakuna aliyemwuliza.

Sasa mikarafuu. Sharti la kipato tangu Aprili 11, 2024 ni pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya makato, na kwa maombi mapya haliongezeki kwa sababu ya watoto. Pengo la mdogo wako ni pauni 2,800. Akiba huhesabiwa hivi: pauni 16,000 za mwanzo hazihesabiwi kabisa, na kinachozidi hapo hugawanywa kwa 2.5. Kuziba 2,800 atahitaji 16,000 na 7,000 juu yake, jumla 23,000, zaidi ya shilingi milioni 70. Zikae mikononi mwake au mwa mkewe miezi 6 kamili, si mwezi mmoja, na chanzo chake kionekane. Fedha za kurudishwa ni mkopo, na mkopo haukubaliwi. Zikiwa zawadi ya kweli zinakubalika, ila basi hazirudi. Mirathi ya baba yenu imegawanywa? Kama bado, mnauza fungu la nani?

Pauni 2,800 kwa mwaka ni kama pauni 54 kwa wiki. Saa za ziada huhesabiwa zikionekana kwenye hati za mshahara, na kazi ya pili ya siku moja kwa wiki huhesabiwa pia, ilimradi ameishikilia miezi 6. Fedha ya mkononi isiyoingia benki haina thamani hapa. Atahitaji hati za mshahara za miezi 6, taarifa za benki zinazoonesha mishahara hiyo hiyo ikiingia, na barua ya mwajiri. Miezi hiyo itapita wakati shauri la talaka liko mahakamani, kwa hivyo hapotezi muda. Swali la kwa nini amechagua mikarafuu kabla ya saa za ziada analo yeye. Huenda ipo sababu, pengine afya, pengine ghalani hazipatikani.

Gharama mzijue mapema. Ada ya viza kutoka nje, Aprili 2025, ilikuwa pauni 1,938, na ada ya afya pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa viza ya miezi 33 hulipwa kama miaka 3: pauni 3,105. Ada hizi hupanda karibu kila mwaka, ziangalieni upya siku ya kulipa. Ombi likikataliwa ada ya afya hurudishwa, ya viza imekwenda.

Mengine nitayapitia haraka. Cheti cha kidato cha nne hakimwondoi wifi yako kwenye mtihani wa Kiingereza. Anahitaji ngazi ya A1, kusikiliza na kuzungumza tu, kwenye kituo kilichoidhinishwa na serikali ya Uingereza, na aina ya mtihani iwe ile ya viza. Watu wamelipia IELTS ya kawaida wakaambiwa siyo. Cheti hudumu miaka 2, kwa hivyo huu anaweza kuufanya hata sasa, na wewe ni mwalimu, miezi mitatu ya jioni inatosha. Kipimo cha kifua kikuu kiacheni mwisho, cheti chake kinadumu miezi 6 tu. Vivyo hivyo barua ya mwajiri na taarifa za benki, ambazo ziwe za ndani ya siku 28 kabla ya kutuma. Linganisha herufi za majina kwenye Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, pasi na cheti cha ndoa: Hamis na Khamis kwao ni watu wawili. Tafsiri usifanye wewe ingawa unaweza. Iwe ya mfasiri mwenye kuweka jina, tarehe, saini na mawasiliano yake. Na fedha za matumizi ambazo nahisi zinapitia kwako au kwa mama, zianze kutumwa kwa jina la mke. Miaka miwili mume amelisha mkewe na hakuna risiti hata moja yenye jina lake.

Wakili atafutwe na mdogo wako, huko huko aliko, na awe amesajiliwa. Kufanya biashara ya ushauri wa uhamiaji Uingereza bila usajili ni kosa la jinai, lakini mawakala wa WhatsApp wamejaa. Mashauriano ya mara moja yatawagharimu kidogo sana mkilinganisha na ada ya ombi lililokataliwa.

Mama yako anasema utakuwa umemwangusha binti wa watu. Je, amewahi kuelezwa kuwa jina litakalochafuka ni la huyo binti? Wazee wengi wanasikia "dada hataki kusaidia", hawasikii "dada ameombwa aandike uongo kwa jina la mkwe wako". Pengine kabla ya kumjibu mdogo wako, kaa na mama na wifi yako pamoja, jioni moja, umsomee wifi swali hilo la fomu kwa Kiswahili, kisha umwache ajibu yeye. Anaweza kukushangaza kwa upande wowote. Anaweza hata kusema amechoka kungoja na anataka mume arudi Wete, na hilo hakuna fomu inayoliuliza.

Na mdogo wako muulize jambo moja tu kwa sasa, kwa upole, pasipo watu: kwenye maombi yako ya mwanzo uliandika nini? Fomu inaweza kubaki bila kutumwa mpaka akujibu.